Swali la Saba

Kituo cha picha cha Katebe kilikuwa na vyumba viwili, mashine moja na mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa Kemilembe, mwanamke wa miaka arobaini na minane, na ukitaka kumjua vizuri usimtazame akiwa kazini. Mtazame saa moja kasoro asubuhi, kabla hajafungua mlango. Hapo utamkuta amefagia mahali palipofagiwa jana, amepanga viti kumi na viwili ambavyo hakuna aliyevipangua, na sasa anajaza kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu na kuanikwa mpaka zikawa nyeusi. Kikapu alikisuka mama yake. Mama alifariki mwaka juzi, na tangu hapo sufuria kubwa ya kupikia watu wengi haijateremka ukutani.

Kwa Wahaya mgeni hufunguliwa kikapu kabla hajaulizwa shida yake. Kemilembe alikuwa Mhaya mpaka kwenye kucha, na kituo kilikuwa chake kama nyumba ilivyo ya mtu. Kwa hiyo kila aliyekuja kupimwa alikaa kwanza, akachukua buni mbili tatu, akatafuna, akasema habari za shamba na za watu wasiokuwepo. Foleni ingeweza kwisha saa nne. Haikuwahi kwisha kabla ya saa nane, na mwenye kituo hakulalamika hata siku moja.

Katebe iliishi kwa vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na likifika adhuhuri bila kuozeshwa, yaani bila kuchavushwa, huanguka. Huku hakuna nyuki anayeijua kazi hiyo, kwa hiyo wanaoozesha maua ni watu, kwa kijiti chembamba na kidole gumba, ua moja moja, maua elfu kwa asubuhi kama mtu ana mkono mzuri. Wanaitwa washenga. Na tangu ilipopita Sheria ya Viungo, ya kulinda viungo vya mikono ya wafanyakazi, hakuna mshenga aliyeingia shambani bila picha safi ya vidole vyake, iliyopigwa kila baada ya miezi mitatu.

Mashine hiyo Makao Makuu waliiita Kipimo cha Utando. Katebe waliiita pasi, kwa sababu ya kile kidude chenye mpini ambacho Kemilembe alikipitisha juu ya mikono yao iliyopakwa jeli. "Kesho napigwa pasi," mtu angesema, na kila mtu alielewa.

Siku hiyo mtu wa kwanza alikuwa Asimwe.

"Hodi! Mpiga pasi yupo?"

"Yupo, karibu wifi. Lo! Hilo shavu umelitoa wapi?"

Asimwe aliingia amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Alikuwa mjane wa kaka yake Kemilembe, na katika ukoo ule waliobaki Katebe ni wao wawili tu. Alikuwa pia mshenga hodari kuliko wote, na alilijua hilo, na alitaka na wewe ulijue.

"Nimeng'olewa gego jana. Usinichekeshe, nina nyuzi humu."

Kemilembe alimfungulia kikapu. Asimwe alikitazama kwa uchungu, akatikisa kichwa.

"Leo hapana. Nitatafunia nini?"

"Moja tu, ya adabu."

"Adabu yangu ipo kwenye kopo la daktari wa meno. Nipige pasi niende."

Kemilembe alikifunika kikapu shingo upande. Alikuwa ametegemea Asimwe akae naye mpaka mchana.

Mashine iliuliza maswali yake tisa kwa sauti ya mwanamke wa pwani ambaye, kwa kumsikiliza, hakuwahi kuona ukungu. Jina. Umri. Umelala vizuri? Umebeba mzigo mzito? Asimwe alijibu huku akikuna goti.

"Swali la saba. Je, umekunywa kahawa ndani ya saa kumi na mbili zilizopita?"

"Sijanywa."

"Asante."

Kemilembe alipaka jeli, akaweka pasi juu ya kifundo cha kidole cha shahada, kwa mkono mwepesi kama alivyofundishwa. Ukikandamiza, damu hukimbia na picha hudanganya. Kwenye kioo ulionekana mfupa, mstari mweupe, na juu yake ule utando mwembamba unaokilainisha kiungo kwa ndani. Utando mzima hauna rangi. Ukianza kuvimba, vishipa vyembamba kuliko unywele huota ndani yake na kujaa damu, na mashine, inayosikia damu ikitembea, huvipaka rangi nyekundu. Mtu mwenyewe anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya mashine hii, kwamba iliona moto kabla mwenye nyumba hajanusa moshi.

Kioo kilikuwa chekundu.

Kemilembe alidhani amekosea mahali. Akalegeza mkono, wekundu ukaongezeka. Akahamia kidole cha kati, kisha cha pete, kisha mkono wa pili. Kila alipokwenda kulikuwa kunawaka. Pembeni ya kifundo kimoja ule mstari mweupe ulikuwa na kijishimo, kama hindi lililoonjwa na panya.

"Mbona umenyamaza?" Asimwe aliuliza.

"Vidole vinakuuma?"

"Havinisumbui."

"Asimwe."

Asimwe aliangalia dirishani. "Asubuhi vinachelewa kuamka. Saa nzima hivi. Kijiti nakifunga kwenye kidole kwa mpira, basi, kazi inakwenda." Akamgeukia. "Nilifikiri ni uzee umekosea mlango. Si wewe uliyeniambia picha safi?"

Ni kweli, alikuwa amemwambia. Kemilembe alifungua picha ya miezi mitatu iliyopita na kuiweka kando ya hii. Ile ya zamani ilikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Lakini mfupa hauliwi kwa miezi mitatu. Aliangalia kwa makini zaidi, akiwa amesogeza pua karibu na kioo, na kijishimo kilikuwepo hata siku ile, kidogo, bila rangi yoyote juu yake. Moto ulikuwepo. Mashine haikuuona.

Alibadilisha jeli. Akazima, akawasha. Akajipima mwenyewe, hakuna kitu. Akarudi kwa Asimwe, wekundu uleule.

"Leo kuna nini ambacho siku nyingine hakipo?" alijisemea.

"Mimi najua ambacho hakipo," Asimwe alisema. "Jino."

Wakacheka wote wawili, Asimwe akishika shavu. Kisha Kemilembe akaacha kucheka. Macho yake yalikuwa yameangukia kikapu, kimefunikwa, juu ya meza karibu na mlango.

Maelekezo ya mashine aliyajua kwa moyo, maana jioni zake zilikuwa ndefu. Namba ya saba: mpimwaji asinywe kahawa kwa saa kumi na mbili, kwa kuwa kahawa hubana vishipa vidogo na damu haionekani. Kwa miaka kumi na mmoja swali hilo lilikuwa limeulizwa katika chumba hiki mara maelfu, na kwa miaka kumi na mmoja watu wa Katebe walikuwa wamejibu kweli tupu. Hawakunywa kahawa. Nani Katebe anakunywa kahawa asubuhi? Wao walikunywa uji. Kahawa walikuwa wameitafuna, dakika chache kabla, kwenye viti kumi na viwili, kutoka mkononi mwake.

"Tafuna," alimwambia Asimwe.

"Nimekwambia nina nyuzi."

"Upande wa pili. Taratibu. Tafadhali, wifi."

Asimwe alitafuna buni tatu akikunja uso. Wakakaa. Nusu saa baadaye Kemilembe aliweka pasi mahali palepale. Wekundu ulikuwa umepungua, kisha wakiwa wanautazama ukawa madoa, kisha doa moja, kisha hakuna. Kiungo kilekile, kijishimo kilekile, na picha safi.

"Imezimika," Asimwe alinong'ona.

"Haijazimika. Imefunikwa."

Kemilembe hakumfikiria Asimwe kwanza. Alimfikiria Ma Kokuhirwa, aliyewahi kuwa mshenga. Kwa miaka sita mama huyo alikuja akakaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, akachukua buni zake kwa shukrani, na kila mara alisema mikono inamuuma. Kila mara Kemilembe alimwonyesha kioo. Mama, picha safi, huna kitu. Kwa neno hilo alirudishwa shambani, na aliposhindwa kazi watu walimwita mvivu, na yeye mwenyewe mwishoni akaanza kuamini. Sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi na analishwa na binti yake kwa kijiko. Kemilembe alikuwa amempenda mama yule. Ndiyo maana alikuwa akimchagulia buni kubwa kubwa.

"Nani mwingine anajua?" Asimwe aliuliza.

"Wewe na mimi."

"Basi tuma hii ya pili."

Mashine ilikuwa na picha mbili na ilitaka moja. Ya kwanza ilikuwa wekundu wa daraja la tatu, na daraja la pili tu lilitosha kuliita gari la wagonjwa. Gari lingefika baada ya siku tatu, halina dereva wala wa kumbembeleza, likampeleka Asimwe kwenye Nyumba za Pumziko, kule nchi kavu katikati ya nchi. Huko dawa hulaza kinga yote ya mwili ili utando usahau kujishambulia. Miezi kumi na minane. Hakuna mgeni, hakuna barua ya karatasi, hakuna kitu kilichoguswa na mkono wa nje, maana mafua ya mtoto yangeweza kumuua mtu. Wengi walirudi na vidole vizima. Wengine walizoea huko, hawakurudi.

"Maua yanafunguka wiki ijayo," Asimwe alisema. "Nipe msimu huu mmoja. Nitakuja tena nikiwa nimepona jino, nitatafuna vizuri, hakuna atakayeuliza."

"Na mfupa?"

"Mfupa ni wangu."

"Ukishaliwa haurudi, Asimwe. Hakuna dawa ya mfupa ulioliwa."

"Nikienda, wewe utakula na nani?"

"Kwani ninakula na wewe kila siku?"

"Jumapili unakula na mimi. Siku nyingine unakula umesimama, pale kwenye mlango wa jikoni. Unafikiri sijakuona?"

Kemilembe aliigeukia mashine. Aibu ilimpanda usoni, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho kilikuwa furaha. Alikuwa ameombwa afanye jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaka kuliko kitu chochote. Kubonyeza picha ya pili, kukifungua kikapu, kukaa na wifi yake mpaka saa nane. Angeweza kuuita huo huruma. Asimwe mwenyewe angeuita huruma. Lakini Kemilembe alikuwa mtu wa kutazama ndani ya viungo vya watu, na alipojitazama alijua kwamba hiyo huruma ilikuwa njaa yake tu, na chakula ni vidole vya Asimwe.

Akatuma picha ya kwanza.

Asimwe alisimama, akafuta jeli kwa kitambaa cha shavuni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Umenifukuza," alisema, akatoka bila kufunga mlango.

*

Mchana ule Kemilembe alimpigia msimamizi wa vituo, bwana mmoja aitwaye Selemba, ambaye alimfahamu kwa sauti tu. Alimweleza yote.

"Mama Kemilembe, andika hitilafu ya mashine."

"Mashine haina hitilafu."

"Nakuelewa. Lakini ukiandika kwamba uliwalisha kahawa kwa mkono wako miaka kumi na mmoja, unajimwagia unga mwenyewe."

"Nikiandika mashine, wataleta mashine mpya, nami nitaendelea kuwafungulia kikapu. Na vituo vingine vya huku kwetu je? Wote ni Wahaya, baba. Unadhani wao hawapokei wageni?"

Selemba alipumua kwa nguvu. "Mimi nilidhani kahawa ni ya kunywa," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotelewa na kitu.

"Na aliyeandika swali alidhani hivyo hivyo."

Fomu ya taarifa ilikuwa na mstari mmoja: Eleza chanzo cha kosa. Aliandika: Tuliulizwa kama tumekunywa. Hatunywi, tunatafuna. Niliyewapa ni mimi.

Chini yake aliongeza majina ya waliopimwa hivyo, la kwanza likiwa la Ma Kokuhirwa, na neno moja alilotaka liwekwe kwenye kumbukumbu za mama yule: Hakudanganya.

*

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, gari jeupe lilisimama mbele ya kituo na kufungua mlango wake lenyewe. Asimwe alikuja kwa miguu, na begi dogo. Shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Hakusalimu. Aliingia ndani, akakaa kiti cha kwanza.

"Nifungulie kikapu."

Kemilembe alikuwa amekificha kabatini. Alikitoa, akakifungua. Asimwe aliichagua buni moja kwa muda mrefu, akajaribu kuipasua kwa kucha, ikamshinda. Kidole kilikataa. Akampa mwenzake bila kumwangalia.

Kila buni ina punje mbili, zimelaliana. Zamani watu waliotaka kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja walipasuliana buni moja, kila mmoja akatafuna punje yake, na tangu hapo huyu hakuweza kumtupa yule. Kemilembe aliipasua. Asimwe alichukua punje moja, akaiweka mdomoni upande usio na nyuzi.

"Nina hasira na wewe bado," alisema akitafuna.

"Najua."

"Sina hakika kama itaisha."

"Najua, wifi."

"Hiyo yako usitafune sasa." Asimwe alisimama, akachukua begi kwa kulitundika kiwikoni, si kwa vidole. "Itunze. Tafuna nikirudi. Nisiporudi, itupe, mimi sitajua."

Mlango wa gari ulijifunga. Kemilembe alibaki barabarani mpaka vumbi likatua kwenye viatu vyake.

*

Makao Makuu hawakumfukuza. Walitafuta mtu wa kumbadili, na hakuna aliyetaka kuja Katebe. Walimwagiza awapime wote upya, bila kahawa, watu mia mbili na sita. Sabini na mmoja waliwaka. Magari meupe yalikuja wiki baada ya wiki, maua yakafunguka na kuanguka mashambani bila wa kuyaozesha, na kulikuwa na nyumba ambazo Kemilembe alipita mbele yake bila kusalimiwa. Binti wa Ma Kokuhirwa ndiye pekee aliyekuja kwa hiari. Alisimama mlangoni, akasema, "Mama anasema asante kwa lile neno," akaondoka kabla hajakaribishwa kiti.

Kikapu hakikurudi mezani. Alijaribu kukiweka kwenye mlango wa kutokea, ili watu watafune baada ya kupimwa. Lakini mtu akishamaliza shida yake hana sababu ya kukaa. Waliingia, wakapigwa pasi, wakaenda. Foleni ikaisha saa nne. Kemilembe akapunguza viti vikawa sita, kisha vitatu, na bado asubuhi alivipanga. Chakula alikula amekaa, kwa sababu alikuwa amejiahidi hivyo, meza ikiwa na sahani moja.

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua, ilimpasa aijaribu mashine kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu moja, mwezi wa tano tangu Asimwe aondoke, alikaa, akapaka jeli, akaanza kujibu bila kusikiliza. Jina. Umri. Amelala vizuri, ndiyo, alidanganya kidogo.

"Swali la saba. Je, umekunywa au umetafuna kahawa ndani ya saa kumi na mbili zilizopita?"

Kemilembe alinyanyua kichwa. Sauti ilikuwa ileile ya pwani, na lile neno jipya lilitamkwa kwa uangalifu, kama mgeni anavyotamka jina la mwenyeji wake mara ya kwanza. Vituo vyote vya nchi vingekuwa vikilisikia asubuhi hii. Hakuna aliyekuwepo wa kumgeukia na kumwambia, umesikia?

Mkono wake usio na jeli uliingia mfukoni. Punje ilikuwepo, kavu, ndogo, imeanza kulainika kwa kushikwashikwa.

"Bado," alisema.

"Jibu halijaeleweka. Tafadhali sema ndiyo au hapana."

Aliifumbata punje mpaka ikamwumiza kiganja, na machozi aliyoyazuia miezi mitano yakamtoka mbele ya mashine.

"Hapana," alisema. "Sijatafuna. Bado."

"Asante," mashine ilisema, na kuendelea na swali la nane.